Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyeonya mapema kuhusu usugu wa dawa

ALEXANDER Fleming anapotajwa, wengi hukumbuka kisahani kilichoota kuvu na dawa iliyotokana nacho. Kisichokumbukwa sana ni kwamba makala ya kitaalamu aliyoichapisha mwaka wa 1929 kuhusu ugunduzi huo haikuinadi penisilini kama tiba ya wagonjwa. Kichwa cha makala hayo kilitilia mkazo namna maji ya kuvu hiyo yangemsaidia mtaalamu wa maabara kumtenga bakteria mmoja wa puani na kooni, bakteria ambaye penisilini ilishindwa kumuua.

Bakteria huyo wakati huo aliitwa Bacillus influenzae. Leo anajulikana kama Haemophilus influenzae, na ni miongoni mwa wanaosababisha maambukizi ya masikio, ya mianya ya uso iliyo karibu na pua, ya mirija ya mapafu na hata nimonia. Kwa hivyo, tangu siku ya kwanza penisilini ilijulikana kuwa dawa inayochagua: iliwaangamiza bakteria wengine na kuwaacha wengine wakistawi. Ukweli huo ndio ulioongoza maisha ya Fleming, na ndio unaowatatiza matabibu hadi leo kila wanapoketi mbele ya mgonjwa anayekohoa.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini magharibi mwa Uskoti. Babake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyeoa mara mbili na kujaliwa watoto wanane, Alexander akiwa wa saba. Mzee huyo alifariki mvulana akiwa na umri wa miaka saba tu, na mjane wake Grace akabaki na mzigo wa kuendesha shamba na kulea watoto.

Akiwa bado kijana mdogo alihamia London kuishi na ndugu zake. Alisoma katika taasisi ya ufundi ya Regent Street kisha akaajiriwa kama karani katika afisi ya kampuni ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka minne bila kuipenda. Bahati ilimwangukia mwaka wa 1901, pale ami yake alipofariki na kumwachia urithi wa pauni 250. Kwa fedha hizo alijiunga na chuo cha udaktari cha Hospitali ya St Mary's mtaani Paddington.

Inasimuliwa kwamba alichagua chuo hicho, kati ya vingi vilivyokuwa London, kwa sababu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yake. Sababu ya kubaki hapo baada ya kufuzu mwaka wa 1906 haikuwa nzito zaidi. Fleming alikuwa mlengaji shabaha hodari, na chama cha bunduki cha hospitali hakikutaka kumpoteza. Wenzake wakamtafutia nafasi katika idara ya chanjo iliyoongozwa na Sir Almroth Wright. Mtu aliyeletwa na mchezo akadumu hospitalini humo karibu maisha yake yote ya kazi.

Wright alikuwa mtu wa maneno mengi na msimamo mkali. Aliamini kwamba tiba ya magonjwa ya bakteria ingepatikana kwa kuiimarisha kinga ya mwili kwa chanjo, wala si kwa kumnywesha mgonjwa kemikali. Mwaka wa 1911 alisafiri hadi Afrika Kusini kujaribu chanjo ya nimonia kwa wachimba migodi wa dhahabu. Vijana walioletwa huko kutoka maeneo ya joto ya kaskazini, wengi wao Msumbiji na Malawi ya leo, walikuwa wakifariki kwa wingi kutokana na ugonjwa huo. Majaribio hayo hayakutoa jibu la kuridhisha, lakini yanaonyesha jinsi nimonia ilivyoogopwa katika enzi ambayo daktari hakuwa na silaha dhidi yake ila uuguzi mwema na subira.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Fleming alipelekwa Boulogne, Ufaransa, akiwa katika kikosi cha matabibu wa jeshi. Maabara yao iliwekwa ndani ya jumba la kamari. Huko aliona askari wakifariki kutokana na vidonda vilivyooza, licha ya madaktari kuvimiminia dawa kali za kuua viini. Alitengeneza mfano wa kidonda kwa kioo, wenye vijipembe na mianya mingi, akathibitisha kwamba dawa hizo hazikufika walikojificha bakteria. Baya zaidi ni kwamba ziliua chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili wenyewe, kabla ya kumaliza adui. Wakuu wengi wa tiba hawakumsikiliza.

Kisha mwaka wa 1918 ukaleta homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia. Wataalamu wengi waliamini kwamba chanzo chake kilikuwa Bacillus influenzae, bakteria aliyekuwa ameelezwa na Mjerumani Richard Pfeiffer mwaka wa 1892. Walimpata kwa baadhi ya marehemu na kumkosa kwa wengine, na mjadala ukawa mkali. Ni mwaka wa 1933 tu ambapo kirusi cha mafua kilitengwa kutoka kwa binadamu. Hata hivyo, bakteria hawakuwa watazamaji tu. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba wengi wa waliofariki mwaka wa 1918 walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya kirusi kuyajeruhi mapafu.

Tofauti hiyo kati ya kirusi na bakteria si jambo dogo. Mafua ya kawaida, pamoja na sehemu kubwa ya vikohozi na maumivu ya koo, hutokana na virusi, na hakuna kiuavijasumu kinachoweza kuviua.

Aliporejea St Mary's, Fleming aliendelea kutafuta kitu kinachoua bakteria bila kumdhuru mgonjwa. Mnamo 1921, akiwa na mafua, alitia kamasi yake mwenyewe kwenye kisahani chenye bakteria na kuona kwamba waliyeyuka. Hivyo ndivyo alivyogundua lisozimu, kimeng'enya kilichomo katika kamasi, mate na machozi. Ili apate machozi ya kutosha, yeye na msaidizi wake walijikamulia ndimu machoni. Kwa bahati mbaya lisozimu huua hasa bakteria wasio na madhara makubwa, na wenzake hawakuona faida yake. Lakini ilimzoeza Fleming kutazama visahani kwa jicho la mtu anayetarajia maajabu.

Hakuwa mtu wa makuu. Alivaa tai ya kipepeo, hakupenda kuzungumza, na mihadhara yake ilichosha wasikilizaji. Alikuwa na mchezo wa kuchora picha kwa kutumia bakteria wa rangi mbalimbali, akiwaotesha kisahanini hadi taswira ya askari au ya mchezaji dansi ijitokeze. Meza yake ya kazi haikusifika kwa unadhifu, na historia inapaswa kuishukuru kwa hilo.

Septemba 3, 1928 Fleming alirejea kutoka likizoni. Alikuwa ameombwa kuandika sura ya kitabu kuhusu stafilokokasi, bakteria wa majipu na usaha, na kabla ya kuondoka alikuwa ameviacha visahani vingi vya bakteria hao mezani. Alipokuwa akivipitia, aliona kimoja kilichoingiliwa na kuvu. Kuizunguka kuvu hiyo, bakteria walikuwa wameyeyuka, ilhali walio mbali naye walinawiri. Huenda chembe za kuvu zilipanda kutoka chumba cha chini, alikofanyia kazi mtaalamu wa kuvu zinazohusishwa na pumu.

Mtu mwingine angekitupa. Fleming aliiotesha kuvu hiyo upya, akachuja maji yake na kuyajaribu kwa bakteria wa kila namna. Hata yakizimuliwa mara 800 bado yaliwazuia stafilokokasi kuzaana. Yaliwaua streptokokasi wa koo, pneumokokasi wa nimonia na bakteria wa dondakoo. Hayakuwagusa wale wa homa ya matumbo, wala yule wa Pfeiffer. Mnamo Machi 1929 aliyapa maji hayo jina la penisilini.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa msaidizi wake, Stuart Craddock, aliyekuwa na usaha katika mwanya wa uso kando ya pua. Mnamo Januari 1929 Fleming aliuosha mwanya huo kwa maji ya kuvu. Saa chache baadaye stafilokokasi walikuwa karibu wametoweka, lakini bakteria wa Pfeiffer walikuwa bado wapo. Jaribio hilo dogo lilibeba somo zima: mgonjwa mmoja, pua moja, bakteria wa aina mbili, na dawa iliyomfukuza mmoja na kumwachia mwingine nafasi.

Ndiyo maana Fleming aliona manufaa ya haraka yakiwa maabarani. Makohozi hubeba bakteria wa aina nyingi wanaofunikana. Penisilini ikitiwa kisahanini iliwafyeka wengine wote na kumwacha Bacillus influenzae aonekane peupe. Kwa miaka mingi St Mary's iliitumia kwa kazi hiyo ya upalilizi.

Kwa nini hakuifanya dawa? Penisilini ilikuwa chache, iliharibika upesi, na wasaidizi wake, Craddock na Frederick Ridley, hawakuwa wanakemia. Fleming aliwadunga wanyama wazima na kuona kwamba haikuwadhuru, lakini hakuwahi kumdunga panya aliyeambukizwa ili aone kama angepona. Hilo ndilo pengo kubwa zaidi katika kazi yake, na watetezi wake hawajawahi kulijibu vizuri. Huko Sheffield, daktari Cecil Paine, aliyewahi kusomea St Mary's, aliyatumia maji ya kuvu mwaka wa 1930 kutibu macho ya watoto wachanga, pamoja na jicho la mfanyakazi wa mgodi wa makaa lililoingiliwa na pneumokokasi. Wengi wao walipona, lakini Paine hakuchapisha lolote.

Miaka kumi ilipita. Mwaka wa 1939 Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, mkimbizi kutoka Ujerumani, walianza kuisafisha penisilini katika Chuo Kikuu cha Oxford, wakisaidiwa na Norman Heatley aliyebuni mitambo kwa vyombo vya kuokoteza. Mei 25, 1940 waliwaambukiza panya wanane streptokokasi wakali na kuwadunga wanne penisilini. Kufikia asubuhi wanne hao walikuwa hai na wengine wote walikuwa wamekufa. Fleming aliposoma habari hizo alifunga safari kwenda Oxford. Chain alishangaa, kwani alidhani alikwishafariki.

Katika kundi hilo hilo la Oxford ndiko ilikoonekana dosari ya kwanza. Disemba 1940, Chain na mwenzake Edward Abraham walichapisha habari za kimeng'enya kinachotengenezwa na bakteria kwa ajili ya kuivunja penisilini. Ilikuwa wiki chache kabla ya Februari 1941, wakati kundi hilo lilipoanza kumtibu askari polisi wa Oxford aliyekuwa akiozeana uso na mapafu. Kwa maneno mengine, ulimwengu uliarifiwa kuhusu usugu kabla ya mgonjwa huyo kupata sindano yake ya kwanza. Askari huyo alianza kupata nafuu, dawa ikaisha hata baada ya kuikusanya tena kutoka kwa mkojo wake, akafariki mwezi uliofuata.

Agosti 1942 Fleming mwenyewe alipata mgonjwa St Mary's, mwanamume aliyekuwa mahututi kwa maambukizi ya streptokokasi katika utando wa ubongo. Alimpigia Florey simu akapewa penisilini iliyokuwapo. Sindano za mwilini zilipokosa kutosha, alimdunga katika uti wa mgongo, jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa mgonjwa kama huyo. Mtu huyo alipona. Magazeti yakapata habari, Wright akaandika barua kudai sifa kwa niaba ya idara yake, na Fleming akawa shujaa kwa usiku mmoja. Florey alikwepa wanahabari, Fleming aliwakaribisha. Uchungu uliotokana na hilo haukuisha haraka.

Wakati huo viwanda vya Marekani vilikuwa vimeanza kuotesha kuvu katika matangi makubwa, wakiilisha maji ya kulowekea mahindi. Kuvu iliyozaa zaidi kuliko ile ya Fleming ilipatikana kwenye tikiti lililooza huko Peoria, Illinois.

Hapa inafaa kuondoa uzushi mmoja ambao haujachoka kusambazwa. Husemwa kwamba babake Fleming alimwokoa Winston Churchill asizame mtoni utotoni, na kwamba baadaye penisilini ikamwokoa tena Churchill alipougua nimonia. Yote mawili si kweli. Waziri Mkuu huyo aliugua nimonia nchini Tunisia Disemba 1943, na dawa aliyopewa ilikuwa M&B 693, ya jamii ya salfa, iliyotengenezwa Uingereza miaka mitano awali.

Fleming alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1944, na mwaka wa 1945 akashiriki Tuzo ya Nobel na Florey na Chain. Angeweza kuutumia mhadhara wake wa Disemba 11 jijini Stockholm kujipongeza. Badala yake alimalizia kwa onyo. Alieleza kwamba maabarani si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu: unawaonjesha penisilini isiyotosha kuwaua. Alihofia siku ambapo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani.

Akatunga kisa. Bwana mmoja anaumwa na koo. Ananunua penisilini, anajitibu kwa kiasi kidogo, na streptokokasi wake hawafi bali wanafunzwa kuizoea. Anamwambukiza mkewe, ambaye anapata nimonia. Mke anapewa penisilini, haifanyi kazi, anafariki. Fleming alimtupia lawama mume, ambaye uzembe wake ulibadilisha tabia ya kiini.

La ajabu ni kwamba bakteria aliyemchagua kwa mfano wake ndiye aliyeshindwa kufuata kisa hicho. Streptokokasi wa kundi A, wanaosababisha mafindofindo, bado huuawa na penisilini baada ya zaidi ya miaka 80, ingawa wengi wao wamezishinda dawa nyingine kama erithromisini. Ndiyo sababu penisilini au amoksisilini hubaki chaguo la kwanza kwa koo lenye bakteria hao. Stafilokokasi hawakungoja. Kufikia mwaka wa 1948, katika hospitali moja ya London, zaidi ya nusu ya stafilokokasi waliotoka kwa wagonjwa walikuwa sugu. Bunge la Uingereza lilikuwa tayari limepitisha sheria mwaka wa 1947 kuzuia penisilini kuuzwa bila cheti cha daktari.

Miaka ya mwisho ya Fleming ilijaa safari na heshima. Mkewe wa kwanza, Sarah, muuguzi kutoka Ireland aliyemwoa mwaka wa 1915 na kumzalia mwana mmoja, alifariki mwaka wa 1949. Mwaka wa 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki aliyefanya kazi naye. Machi 11, 1955 alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's.

Hakuishi kumwona pneumokokasi akigeuka. Mwaka wa 1967 Australia iliripoti bakteria hao wa nimonia wasiotishika kwa penisilini kama zamani, na mwaka wa 1977 Afrika Kusini ikakumbwa na aina iliyozishinda dawa kadhaa kwa pamoja. Pneumokokasi hawaivunji penisilini. Hubadilisha sehemu ya ukuta wao ambapo dawa hujishika, na mara nyingi dozi kubwa zaidi bado huwashinda. Haemophilus wana njia nyingine. Amoksisilini huwaua, tofauti na penisilini ya Fleming, lakini baadhi yao hutoa kimeng'enya cha kuivunja, na hapo huongezwa asidi ya klavulani ili kukizuia. Bakteria aitwaye Mycoplasma, anayeleta nimonia isiyo kali kwa vijana, hana ukuta kabisa, hivyo dawa za jamii ya penisilini hazimfanyi lolote. Ndiyo maana daktari anayempa kila mkohoaji dawa ile ile iliyo kali zaidi rafuni huwa hatibu, anabahatisha.

Utafiti wa miaka ya karibuni umelirekebisha wazo moja la enzi ya Fleming. Alihofia dozi ndogo, na katika hilo hajapingwa. Lakini imani iliyozuka baadaye, kwamba kumeza dawa kwa siku nyingi ndiko kunakozuia usugu, imelegea. Jaribio la Uingereza na Ireland lililochapishwa mwaka wa 2021 lilionyesha kwamba watoto wenye nimonia isiyo kali waliopewa amoksisilini kwa siku tatu walipona sawa na waliopewa kwa siku saba. Kila siku ya ziada isiyohitajika huwapa bakteria wengine wa mwilini, walio kooni na tumboni bila kudhuru, fursa ya kujifunza. Hilo halimpi mgonjwa ruhusa ya kujikatizia dozi aliyoandikiwa, kwani idadi ya siku hutegemea ugonjwa na hali yake.

Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa dawa hizi katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kuchungwa, na za akiba. Amoksisilini na penisilini zimo katika kundi la kwanza, na azithromisini, inayoombwa sana madukani kwa mafua ya kawaida, imo katika kundi la kuchungwa. Uchunguzi wa kimataifa ulikadiria kwamba mwaka wa 2019 pekee usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27, na maambukizi ya mapafu yaliongoza.

Kwa upande wa Kenya, nafuu kubwa imetoka kwa lile alilolipigania Wright, bosi wa Fleming, bila mafanikio katika migodi ya Afrika Kusini. Chanjo dhidi ya Haemophilus aina ya b ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwaka wa 2001, na ile ya pneumokokasi mwaka wa 2011. Watafiti wa Kilifi waligundua kwamba kwa watoto walio chini ya miaka mitano, maambukizi makali ya aina za pneumokokasi zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na bakteria asiyekutana na dawa hana cha kuzoea.

Kuvu ya Fleming yenyewe haijapotea. Imehifadhiwa katika barafu nchini Uingereza, na mwaka wa 2020 wanasayansi waliiamsha na kusoma chembe zake za urithi kwa mara ya kwanza. Walipoilinganisha na kuvu za Marekani zilizotumiwa viwandani, walikuta kwamba vimeng'enya vinavyounda penisilini vinatofautiana kidogo kati ya kuvu hizo, na wakapendekeza kwamba tofauti hizo zichunguzwe zaidi katika kutafuta njia mpya za kukabiliana na bakteria sugu.